Pumzi ya Alhamdu



Wako watu walioswali miaka arubaini, na ukiwauliza katika rakaa ya tatu walikuwa wapi, wakisema kweli watajibu: sokoni. Nasi tumo katika hesabu hiyo, kama mtakavyoona.

Ilikuwa alasiri ya Ramadhani hapa Buswelu. Jua lilikuwa limeyachoma majabali, na harufu ya futari ya jirani imeanza kuingia madrasani. Kijana mmoja, apata miaka kumi, akaisoma Alhamdu, aya zote saba, kwa pumzi mbili tu! Ile madda ya neno la mwisho, ambayo haki yake ni haraka sita, hakuipa hata mbili. Tukasimama na ufito mkononi.

Ndipo tulipojisikia wenyewe. Pumzi zetu zilikuwa fupi, za juu juu, kama za mtu aliyepanda kilima mbio. Na vidole vilikuwa vimeukaza ufito hata vyauma. Tukakumbuka mafundisho ya Mtume (s.a.w.), yaliyopokelewa na Abu Dharr (r.a.), kuwa mwenye kughadhibika naye amesimama na aketi, na ghadhabu isipomtoka na ajilaze. Tukaketi mkekani. Tukavuta pumzi kwa pua, tukaiachia polepole, tukasikiliza njiwa juu ya bati. Madaktari wasema kwamba kutoa pumzi taratibu huupunguzia moyo mbio zake. Sisi tuliliona hilo kifuani mwetu.

Kisha tukamwuliza, "Mwanangu, nani aliyekufundisha kusoma hivi?"

Akainamisha kichwa. "Ni wewe, Maalim. Ndivyo unavyotusomea katika tarawehe."

Lo! Ufito tukauweka. (Na mzazi atakayetuuliza kwa nini ulikuwapo, anayo haki.)

Elimu ya tajwidi, ukiitazama vizuri, ni elimu ya pumzi. Msomaji hujua mahali pa kusimama, na pumzi ikimwishia katikati ya maneno, hurudi nyuma akaunganisha. Ummu Salama (r.a.) alisimulia kwamba Mtume alikuwa akisimama mwisho wa kila aya. Asomaye hivyo anazo nafasi saba katika kila Alhamdu za kujiuliza: moyo wangu uko hapa? Na kabla ya hapo uko udhu. Maji hupita mikononi, kinywani, puani, usoni. Mwenye kuuhisi ubaridi wake amekwisha jikusanya kabla hajafika mswalani. Lakini wengi wetu twatawadha huku tukizungumza bei ya sato.

Vijana, jaribuni katika Magharibi ya leo. Nanyi wazazi, kabla ya kumkaripia mtoto aliyevunja kikombe, itoeni kwanza pumzi moja, yote.

Usiku ule tulisoma aya kwa aya. Tarawehe ilichelewa kwisha, na mzee mmoja wa safu ya kwanza alikohoa mara tatu kutuhimiza. Tulimsikia vema, tukaendelea.