Goma: Wazo litangulie kabla ya vigingi

Mjini Goma, kila anayepita penye sanamu ya Chukudu anaelewa kinachosemwa pale, hata kama hakusoma. Ni mtu na chukudu yake, ile ya mbao inayoleta viazi na makaa sokoni. Wazo ni moja tu: mji huu unaishi kwa jasho la watu wake. Uwanja uliopangwa kwa wazo moja unaeleweka na kila mtu.

Lakini mahali ambapo familia zinalala, wazo hilo mara nyingi linakosekana. Wahami walipojaa Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala, vibanda vya shitingi vilisimama popote palipobaki nafasi, kimoja kikigusa kingine. Haraka ile inaeleweka, kwani watu walikuwa wanakimbia vita. Hata hivyo, miezi ilipita na mpango haukuja.

Kupanga uwanja si kupanda maua mbele ya ofisi. Ni kutafuta sentensi moja itakayoamua mengine yote. Kwa mfano: mama aende msalani usiku bila woga. Sentensi hiyo inaamua choo kiwe wapi, njia iwe na upana gani, taa isimame wapi na kichaka kipi kifyekwe. Kanuni za Sphere, zinazofuatwa na mashirika ya misaada, zinaomba choo kimoja kwa watu 20, kisiwe mbali zaidi ya mita 50 na makao. Ila hesabu peke yake haitoshi. Choo kilicho mita 30 ndani ya giza, kwa msichana ni sawa na choo kisichokuwepo.

Ardhi nayo ina neno lake. Goma inakaa juu ya mawe ya Nyiragongo, volkano iliyolipuka 1977, 2002 na 2021. Shimo halichimbiki kwa urahisi, ndiyo maana vyoo vingi vya kambi viliinuliwa na kuwekewa ngazi. Mzee au mlemavu atazipandaje? Kule Kalehe, mwezi wa tano 2023, mafuriko yalipiga Bushushu na Nyamukubi na kuua mamia ya watu. Huko sentensi ni nyingine: maji yapite bila kukuta mtu. Basi kando ya mto pabaki miti, nyumba zikae mbali.

Leo familia nyingi zimerudi vijijini na zinajenga upya. Machifu na mashirika wasianze na kamba na vigingi. Watembee kwanza na wamama wanaobeba bidoni, wasimame pale mvua ikinyesha, waone maji yanapita wapi na miguu ya watoto inapita wapi. Wakishaona, waseme wazo lao kwa sentensi moja mbele ya wakaaji. Wakaaji wasipolielewa, vigingi vingoje.