Trekta Isiyotaka Kuwaka Asubuhi

Mkulima wa Uasin Gishu ajua hasara ya trekta iliyolala wakati mvua ya kupandia mahindi imekwisha nyesha. Mwaka jana mzee jirani yangu, mwenye trekta ndogo ya dizeli, alikuwa amepokea fedha za mjane mmoja ili amlimie eka mbili. Trekta ikakataa kuwaka. Alipiga stata mpaka betri ikafa. Siku ya tatu fundi akamwambia ya kuwa pampu ya dizeli imeharibika, na hana budi kununua nyingine. Mzee alikuja kwangu nimwandikie barua ya kuomba mkopo! Mimi ni karani, si fundi, lakini nilimwuliza kwanza tabia ya mashine yenyewe.

Akasema, "Jioni ikiwa moto huwaka mara moja. Ikilala usiku, asubuhi haitaki, wala haitoi moshi."

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyefanikiwa kuiendesha mjini Augsburg mwaka 1897, alitumia joto la hewa: pistoni huikandamiza mpaka ikapata moto wa kuwasha dizeli inayonyunyizwa ndani. Kwa hiyo tazameni bomba la moshi mnapopiga stata. Ukitoka moshi mweupe, dizeli yafika lakini haiungui. Angalieni nguvu ya betri, nyaya zake, na kifaa cha kupashia hewa moto. Moshi usipotoka kabisa, dizeli haifiki, na mara nyingi hewa imeingia katika mabomba.

Hewa hutolewa kuanzia upande wa tangi. Legezeni skrubu ya juu ya kichujio, mpige kwa mkono wenzo wa pampu ndogo mpaka dizeli itoke pasipo mapovu, kisha kazeni. Fanyeni vivyo hivyo kwenye pampu kubwa. Mwisho legezeni nati za mabomba yaingiayo katika nozeli, na mtu apige stata, asizidishe sekunde 15 kwa mara moja. Mikono ikae mbali! Dizeli hiyo yaweza kupenya ngozi, na aliyepenywa aende hospitali siku ile ile, hata jeraha likiwa dogo kama tundu la sindano. Wala msinyunyize petroli au etha mahali pa kuingilia hewa. Yaweza kulipuka na kuvunja pistoni.

Mzee alitoa hewa, trekta ikanguruma. Asubuhi ya pili ikakataa tena. Basi hewa ilikuwa na mlango. Tulipofungua kichujio tulikuta pete ya mpira iliyochakaa, ambayo yeye mwenyewe aliirudisha alipobadili kichujio, akiona bado yafaa. Usiku dizeli ilikuwa ikirudi tangini na hewa ikiingia mahali pake. Pete mpya iligharimu shilingi chache tu. Mjane alilimiwa Jumamosi, siku tisa baada ya jirani zake.