Tumpimeje Mfungaji wa Vipindi?

Kila mwaka, kabla ya michezo ya UMISSETA, walimu wa michezo huketi kuteua wachezaji wa timu ya wilaya. Hapa Kibiti, kama kwingineko, aghalabu hutokea ubishi juu ya kijana wa namna moja: mshambuliaji mwenye shuti kali, ambaye leo hufunga mabao matatu, kisha hupita mechi nne au tano bila kuziona nyavu. Mwalimu aliyemwona siku ya neema humwita shujaa. Aliyemwona siku ya ukame humwita garasa. Kila mmoja anasema kweli aliyoiona, lakini hakuna aliyepima. Maoni yangu ni kwamba kijana huyo anastahili kupimwa kwa hesabu, tena hesabu iliyo ndani ya uwezo wa mwanafunzi yeyote wa sekondari.

Tuanze na ukame wenyewe. Tuseme mshambuliaji ana uwezo usiobadilika wa kufunga katika mechi moja kati ya tatu. Uwezekano wa kutofunga katika mechi moja ni 2/3. Uwezekano wa kutofunga katika mechi tano zilizotajwa, mfululizo, ni 2/3 × 2/3 × 2/3 × 2/3 × 2/3, yaani 32/243, au takriban 13 katika 100. Lakini akicheza mechi 30, uwezekano wa kupatwa na ukame wa namna hiyo angalau mara moja hupanda hadi takriban 81 katika 100. Kijana hakuugua, hakulegea, wala hakurogwa. Ni bahati tu inayojipanga kwa mafungu.

Anayetilia shaka na achukue korosho tatu zinazolingana, moja aitie alama ya wino, kisha azitie zote mfukoni. Achomoe moja bila kutazama, aandike B ikiwa ina alama na S ikiwa haina, airudishe, na arudie mara 30. Darasa zima likifanya hivyo, wanafunzi wengi watakuta S tano au zaidi zimefuatana. Na korosho, sote twajua, haina moyo wa kukata tamaa.

Je, hakuna kabisa siku ambapo mchezaji "amewaka"? Mwaka 1985 wataalamu Gilovich, Vallone na Tversky walichunguza mpira wa kikapu huko Marekani, wakasema imani hiyo haina ushahidi. Mwaka 2018 Miller na Sanjurjo walionyesha kasoro katika njia ya hesabu iliyotumika, na kwamba ikisahihishwa, dalili za kuwaka zaonekana. Ikiwa wataalamu wenye maelfu ya takwimu wamebishana kwa miaka zaidi ya 30, yafaa nasi tusiamini upesi kumbukumbu ya mechi mbili.

Jambo la pili ni gharama. Katika mchezo wa besiboli alikuwapo Dave Kingman, aliyecheza ligi kuu ya Marekani kuanzia 1971 hadi 1986. Alipiga mipira 442 ya kuvuka uzio, pigo kubwa kuliko yote katika mchezo huo. Hata hivyo, wastani wake wa kupiga kwa mafanikio ulikuwa 0.236, yaani chini ya mara 24 katika kila majaribio 100, na mara 1,816 alitolewa kwa kukosa mipira mitatu. Timu ya besiboli hupewa nafasi 27 tu za kutolewa katika mechi ya kawaida. Kwa hiyo swali la haki ni mawili kwa pamoja: alileta nini, na alitumia nafasi ngapi za wenzake kukileta? Katika kandanda tuulize vivyo hivyo: mabao sita yametokana na mashuti 12 au 60?

Jambo la tatu ndilo husahauliwa zaidi: thamani ya mfungaji hutegemea timu yake. Tuchukue mfano wa kubuni. Juma amefunga mabao matatu katika mechi mbili, na hakufunga katika nne. Ali amefunga bao moja katika kila mechi kati ya sita. Jumla yao ni sawa. Katika timu ambayo bila wao ingetoka sare kila mechi, Juma ataleta ushindi mara mbili na sare nne, pointi 10; Ali ataleta ushindi mara sita, pointi 18. Haba na haba imejaza kibaba. Lakini katika timu dhaifu, ambayo bila wao ingefungwa kwa tofauti ya mabao mawili, Ali ataipa pointi sifuri, na Juma ataipa pointi sita. Mnyonge humhitaji mwenye kupasuka siku moja kuliko mwenye kudonoa kila siku.

Wakulima wa bonde la Rufiji walilifahamu jambo hili kwa vizazi vingi. Mafuriko yaliyozamisha mpunga ndiyo yaliyoacha unyevu wa kilimo cha mlau, maji yalipopungua. Aliyeuhukumu mto katika mwezi wa mafuriko pekee aliuonea.

Basi nashauri kila shule iwe na daftari la mechi: mashuti, mabao, dakika alizocheza kila mmoja, na nguvu ya mpinzani. Wanafunzi wa hisabati walitunze wenyewe. Mwanafunzi wa delta aliyefika uwanjani kwa mashua, akacheza mechi moja mbele ya wateuzi na asifunge, hana mtetezi mwingine. Daftari hilo litasema kwa niaba yake. Na iwapo hafai, litasema pia, naye ataelewa kwa nini.