Boti Isiyo na Hati

Anayenunua boti iliyotumika katika jimbo la Georgia, Marekani, hukabidhiwa ufunguo, karatasi ya usajili na hati ya mauziano. Hati ya umiliki hapewi, na si kwamba muuzaji kaificha: Georgia haitoi hati ya umiliki kwa boti. Akivuka mpaka kuingia jimbo jirani la Florida, anakuta huko hati hiyo ni sharti kwa karibu kila boti yenye injini. Kuhusu trela, hata Florida inalegeza: trela isiyofikia pauni 2,000, kama kilo 900 hivi, haina hati ya umiliki.

Utaratibu huu ni mbovu, na anayeumia ni mnunuzi mwaminifu.

Hati ya umiliki humtaja mwenye mali na benki inayomdai. Pasipo hati, mtu anaweza kulipa fedha zake zote, akaja kugundua kwamba boti iliwekwa dhamana ya mkopo. Benki ina haki ya kuifuata hadi uani kwake. Daftari la mikopo ya aina hiyo lipo katika kila jimbo, lakini ni wanunuzi wangapi wa boti ya kuvulia samaki wanaojua kulipekua? Kuna na dhoruba. Kimbunga Ian kilipoipiga Fort Myers, huko Florida, mnamo Septemba 2022, kilirusha boti nchi kavu, zikalaliana. Boti iliyokwisha kulipiwa fidia na bima huweza kupigwa mnada, ikazibwa na kupakwa rangi. Jimbo lisilotoa hati halina hata mahali pa kuandika kwamba bodi ya boti iliwahi kupasuka.

Wapinzani watasema hizo ni ada na foleni nyingine tu. Hoja hiyo haina uzito, kwani tangu sheria ya shirikisho ya mwaka 1958 boti zenye injini hupewa namba za usajili. Zaidi ya hapo, zinazotengenezwa kiwandani tangu Novemba 1972 hubeba namba ya utambulisho kwenye tezi, upande wa kulia. Boti inajulikana, asiyejulikana ni mwenyewe. Tena majimbo hukagua boti bila shida: Idaho, kwa mfano, humsimamisha kila anayekokota boti kupita kwenye vituo vyake vya ukaguzi, isije ikaingiza kome waharibifu. Serikali inayoweza kutafuta kome chini ya boti haishindwi kuandika boti ni ya nani.

Sheria ya mfano kuhusu hati za umiliki wa boti, ambayo kila jimbo linaweza kuipitisha, iliandaliwa mwaka 2011, ikiwa na kipengele cha kuweka alama kwenye hati ya boti iliyoharibika bodi. Virginia iliipitisha ya kwanza, mwaka 2013. Majimbo mengine yanafuata kwa mwendo wa kobe.

Georgia nayo iipitishe. Kwa sasa mnunuzi alinganishe namba ya tezi na ile ya karatasini kabla ya kutoa senti, kisha adai karatasi ya trela peke yake, maana boti husajiliwa na idara ya maliasili, na trela na ofisi ya magari ya wilaya.