Pampu kwenye pochi

Mimi mwenzio nina jambo, na kama una mtoto mchanga na ajira juu yake utanielewa hata kabla sijamaliza.

Bosi aliniita akaniambia nimeteuliwa kwenda kwenye mkutano wa siku mbili wa mambo ya blogu na masoko ya mtandaoni, hapa hapa Dar, kwenye hoteli moja ya upande wa Masaki. Karatasi inapoteza wasomaji, akasema, nenda ukatuletee maarifa. Nikashukuru, nikatoka kwa furaha. Nilipofika mlangoni ndipo nikakumbuka kwamba nina binti wa miezi saba anayenyonya.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo, na akisharudi kazini anaruhusiwa kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Mimi hizo saa mbili nazitumia kuwahi kutoka. Lakini mkutano unaoanza saa mbili asubuhi na kuisha saa kumi na moja jioni hauna habari hizo, na Tabata na Masaki si jirani. Isitoshe dada wa kazi alikuwa amekwenda kwao Singida msibani.

Baba watoto akachukua likizo ya siku mbili. "Nenda bwana," akaniambia, "kwani mimi hapa mgeni?" Nikakesha nakamua maziwa na kumpa maelekezo: kwenye friji yanakaa hadi siku nne, nje ya friji yasizidi saa nne, na kwa joto letu hili hata hizo nne usizitegemee. Akaandika kwenye kikaratasi, akakibandika mlangoni mwa friji kama tangazo la msiba.

Asubuhi nikapanda boda, laptopu mgongoni, pochi kifuani, na ndani ya pochi pampu na kimkoba chenye barafu. Ukumbini vijana watupu, kila mmoja simu mbili. Kijana mmoja akaniamkia shikamoo. Nina miaka thelathini na nne, jamani! Bado sijamsamehe.

Niseme ukweli, mafunzo yalikuwa mazuri. Msemaji wa kwanza alitukumbusha tulikotoka: enzi za Ndesanjo Macha na Jikomboe yake, moja ya blogu za mwanzo kabisa za Kiswahili, na Issa Michuzi aliyeanzisha yake mwaka 2005, wakati wengi wetu tulikuwa bado tunalipia intaneti kafe kwa nusu saa. Kisha akafika 2018, kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipokuja na ada zilizofika shilingi milioni mbili na laki moja kwa bloga anayeanza, na wengi wakafunga. Ukumbi ukanyamaza kidogo. Kanuni zilirekebishwa baadaye, ila waliokwisha kuhamia Instagram wengi wao hawakurudi.

Akasema kitu nilichokipigia mstari. Ukurasa wako Instagram ni chumba cha kupanga, mwenye nyumba akibadili masharti unahama na godoro lako. Kwa hiyo kusanya namba na barua pepe za wateja wako mwenyewe, ziwe zako. Na hii tabia yetu ya "bei njoo inboksi", jamani tuache! Mteja ana haraka, akiona bei imefichwa anajua atapigwa. Alituambia tusihesabu waliopenda picha, tuhesabu waliouliza na waliolipa. Mezani kwetu kulikuwa na dada anayeuza batiki, palepale akatoa simu akaanza kuandika bei kwenye picha zake, moja baada ya nyingine. Hadi chai inakuja alikuwa ameshapata oda mbili.

Mchana ikaja mada ya "soko la akina mama". Mtoa mada, mwanaume mtanashati kweli, akasema mama ndiye anayeamua nyumba inunue nini, na picha ya mtoto inauza kuliko picha ya bidhaa. Watu wanaandika. Mimi kifua kimejaa, kinauma, na blauzi imeanza kulowa. Nikainuka nimejiziba na faili.

Mapokezi nikauliza kama kuna chumba chochote chenye kufungwa. Hakuna, labda nilipie chumba cha kulala. Chooni foleni. Nimesimama pale nusura nilie, dada wa usafi akaniangalia blauzi, hakuuliza kitu. Akanishika mkono akanifungulia stoo ya mafagio, akageuza ndoo nikaikalia, yeye akasimama mlangoni.

Tukapiga soga kupitia mlango. Ana mtoto wa miezi mitano, anakaa na bibi yake Gongo la Mboto, na ameanza uji tangu ana mitatu kwa sababu mama anaondoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi usiku. Nikamwambia zile saa mbili za sheria. Akacheka.

"Dada yangu, mimi nimeajiriwa na kampuni ya usafi, hoteli hainijui. Nikiomba saa mbili leo, kesho naambiwa nikapumzike moja kwa moja."

Kisha akauliza humo ndani tunajadili nini. Nikamwambia, namna ya kuwauzia vitu akina mama.

"Akina mama gani?" akauliza.

Sikuwa na jibu. Nikafunga chupa.

Kesho yake nilimpelekea kifungu chenyewe cha sheria nimekichapisha. Akakikunja bila kukisoma, akakitia mfukoni mwa aproni, akanipa ufunguo wa stoo.

Siku hiyo ya pili ndipo mambo yaliponinogea. Mwakilishi wa kampuni moja ya nepi alikuwa ameziona picha za binti yangu kwenye ukurasa wangu. Akanivuta pembeni: wanataka picha kumi na mbili kwa miezi sita, mtoto na nepi zao, kwa shilingi milioni moja na nusu. Msomaji wangu, hiyo ni kodi yetu ya nyumba ya miezi mitano! Nikasema nitaongea na mwenzangu.

Nyumbani nikamkuta mwenzangu kalala sakafuni, mtoto kamlalia kifuani, sebule kama imepita treni. Alipoamka nikamweleza, na nikamwambia moyo wangu unasita, sipendi mtoto wangu afanywe tangazo. Nilitegemea anipongeze. Akanitazama.

"Mbona bure ulikuwa unamweka?"

Nikafungua ukurasa. Picha sitini na moja kwa miezi saba. Anacheka, analia, yuko kliniki na kadi inasomeka, yuko kwenye beseni hana nguo. Mtandao wenyewe hauruhusu mtu wa chini ya miaka 13 kuwa na akaunti, na mimi wangu nimeshamfungulia maisha mazima humo kabla hajaota jino.

Usiku ule nikawa nasoma badala ya kulala. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2020: fedha za mtoto wa chini ya miaka 16 anayefanyiwa biashara kwenye video zinatunzwa mpaka awe mtu mzima, na mwenyewe anaweza kudai picha zifutwe. Jimbo la Illinois, Marekani, tangu Julai 2024 mzazi anayepata fedha kwa video za mtoto lazima amwekee sehemu yake. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ila nani kati yetu aliyewahi kuifikiria anapompiga mwanawe picha kwenye beseni?

Tulibishana siku tatu, na si ubishi wa kistaarabu. Yeye alikuwa anaiona kodi, na mshahara wake ulikuwa umechelewa, simlaumu. Mwishoni tukakubaliana niwaandikie kwamba sura ya mtoto hapana, ila mimi mwenyewe niko tayari kuandika kuhusu nepi, bei na ubora, kwa jina langu. Mpaka naandika hapa hawajajibu, na kodi tumelipa nusu. Picha ya beseni na ya kadi ya kliniki nimefuta. Nyingine bado zipo, nazipitia kila usiku, na kuna moja anayocheka na babu yake ambayo nimeshindwa kabisa.

Bosi nimempa ripoti ya kurasa tatu. Moja ni ya bei kuwekwa wazi kwenye matangazo yetu, ya pili ni ya orodha ya wasomaji wetu wenyewe. Ya tatu nimeomba chumba chenye kitasa, maana ofisini kwetu tuko wanawake wanane na mimi huwa nakamulia kwenye gari la mhasibu. Akaisoma ile ya tatu mara mbili. Akasema stoo ya magazeti ya zamani inaweza kufaa.

Fundi anakuja Jumatatu.