Muanze na Karakana: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu wa Kaunti ya Taita Taveta

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia kutoka Mata, huku upande wa Ziwa Jipe, kuhusu kozi za ufundi za mseto, zile ambazo mwanafunzi husoma sehemu kwa simu na sehemu nyingine akiwa chuoni. Ninazitaka sana. Kutoka Taveta hadi Voi ni zaidi ya kilomita 100, na barabara inapita katikati ya Tsavo. Mama mwenye mtoto anayenyonya hawezi kwenda kupanga chumba Voi miezi kadhaa ili ajifunze kazi ya umeme. Kijana anayetegemewa nyumbani kumwagilia nyanya na vitunguu naye hawezi. Watu kama hawa wakikosa kozi ya namna hii, hawasomi kabisa.

Wasiwasi wangu uko kwenye mipango. Tangu shule na vyuo vifungwe Machi 2020, mazungumzo ya kusomea mtandaoni huanzia kwenye vifaa: tabuleti ngapi zinunuliwe, wai-fai ifungwe wapi, nani arekodi video. Karakana hukumbukwa mwishoni, wakati mfuko umeshakauka. Naomba kaunti yetu ianzie upande wa pili. Amueni kwanza ni saa ngapi kila mwanafunzi atashika kazi kwa mikono yake, wapi, na mbele ya fundi gani. Hayo yakishapata bajeti, ndipo muulize ni lipi linaloweza kusomewa nyumbani.

Tazama pampu ya petroli tunayotumia mashambani. Mwalimu anaweza kueleza kwenye simu kazi ya plagi na kabureta, na mwanafunzi akarudia somo hilo hata mara nne, jambo ambalo darasani angeona haya kuliomba. Hiyo ni faida kubwa. Lakini siku pampu inapogoma kuvuta maji, na zamu yake ya mfereji inapita, atahitaji mambo mengine. Atafungua plagi aone kama ncha yake ina masizi au imelowa petroli. Atavuta kamba ya kuwashia polepole asikie kama injini inashindana naye au inalegea tu, maana ikilegea mgandamizo umekwisha. Atakagua mpira wa kunyonya maji, kiungo kwa kiungo, akitafuta tundu dogo linaloingiza hewa. Uzito wa ile kamba mkononi hauonekani kwenye skrini, na anayeujua vizuri ni yule aliyeivuta akiwa na fundi pembeni wa kumwambia amekosea wapi.

Majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa wamejaribu kuunganisha masomo ya simu na karakana. Mwaka 2016 VETA, mamlaka ya ufundi stadi ya Tanzania, pamoja na kampuni ya simu ya Airtel, walianzisha programu ya simu inayoitwa VSOMO. Mwanafunzi alisoma nadharia kwenye simu, tena kwa Kiswahili, akafanya mtihani, kisha akaenda katika chuo cha VETA kufanya mafunzo ya vitendo kabla ya kupata cheti. Zilikuwamo kozi za kazi zenye wateja, kama umeme wa majumbani na ufundi wa pikipiki. Kinachonivutia ni kwamba kulikuwa na chuo chenye zana kikimsubiri mtu akishamaliza nadharia. Na ile lugha, Mheshimiwa! Tunao vijana hapa walioishia darasa la nane ambao wanaifungua injini na kuifunga bila kuuliza mtu, lakini karatasi ya Kiingereza inawaangusha. Masomo ya simu yakiandikwa kwa Kiswahili, hao ndio watakaokuwa wa kwanza kujiandikisha.

Kuhusu mtandao nitasema machache. Huku mpakani simu mara nyingine huacha mtandao wa Kenya ikashika wa Tanzania, na bando ulilonunua likawa halina kazi. Kwa hiyo masomo yapakuliwe chuoni mara moja na yasomeke bila intaneti, yakiwa na sauti na picha zaidi kuliko video ndefu. Serikali kuu ilijiwekea lengo la kituo cha kidijitali katika kila wadi kati ya wadi 1,450 za nchi. Cha Mata kijengwe ubavuni mwa karakana, ili anayekuja kupakua somo aone pia mashine ikifanya kazi.

Mamlaka mnayo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa kaunti. Vyuo hivyo vilitokana na ripoti ya 1966 ya baraza la makanisa ya Kenya, iliyouliza watoto wanaomaliza shule ya msingi wataelekea wapi, na jibu lake lilikuwa kuwafundisha karibu na kwao, kwa kazi zilizopo kwao.

Ombi langu kubwa ndilo hili. Mafundi wa gereji na wachomeleaji wa Taveta wafanyeni wasimamizi wa vitendo, kwa mkataba na malipo yanayofika kwa wakati. Wengi hawana vyeti. Waandaliwe kwa mitihani ya gredi ya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, na kaunti iwalipie ada, kisha wapokee wanafunzi wawili watatu kila mmoja. Mwalimu wa chuo azunguke kuwakagua. Gharama yake itakuwa ndogo kuliko kujenga jengo jipya, na mwanafunzi atajifunza kwenye pampu na pikipiki zilizoharibika kweli, huku mwenye mashine akisubiri.

Ratiba msiitunge mkiwa ofisini. Njooni Mata mkae na wakulima, mafundi na akina mama kabla ya kozi ya kwanza kutangazwa. Msije Jumatano wala Jumamosi, kwa sababu ni siku za soko la Taveta na hamtampata mtu nyumbani. Alhamisi asubuhi inatufaa.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Mata