BARUA YA KIMININI: Safu Iliyosahauliwa Daftarini

Naandika kutoka Kiminini, hapa katikati ya Kitale na Bungoma. Mithali yasema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Sisi makarani twaipenda sana mithali hiyo. Lakini leo sina budi kukiri ya kuwa mali yaweza kupotea hata daftari likiwapo, ikiwa halikuandikwa lile jambo lililo kubwa.

Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi moja niliyotumika, tuligawa mbegu za mahindi kwa wakulima. Niliandika yote kwa uangalifu: idadi ya mifuko, majina ya waliopokea, na sahihi zao. Taarifa ikapelekwa makao makuu, nasi tukasifiwa. Baada ya mavuno akaja mzee mmoja, akaniuliza, "Mwanangu, tulichopewa umekiandika. Je, tulichovuna umekiandika wapi?" Nilifungua faili, kisha nikaifunga. Sikuwa na jibu.

Mzee yule alinena kweli. Mkulima akitaka kujua kama mbolea mpya yafaa, huitia katika sehemu moja ya shamba, na sehemu ya pili, yenye udongo ule ule, huiacha kama ilivyokuwa. Kisha huhesabu magunia ya pande zote mbili. Halinganishi mavuno ya mwaka wa mvua na ya mwaka wa ukame, kwa maana hapo hatajua kama kilichoongeza mahindi ni mbolea au ni mvua.

Njia hiyo ilitumika katika shule za jirani zetu wa Busia, upande wa pili wa Bungoma, katika miaka ya 1990. Wataalamu, mmoja wao Michael Kremer wa Marekani, walitaka kujua kama picha kubwa za kufundishia, zitundikwazo darasani, huwasaidia watoto kufaulu. Ukilinganisha shule zilizokuwa nazo na zile zisizokuwa nazo, zenye picha zilionekana kushinda sana. Karani kama mimi angaliandika papo hapo, "Picha zinunuliwe." Lakini wao walichukua shule 178, wakazigawa nusu kwa nusu bila kutazama ipi ni bora na ipi ni duni, shule 89 zikapewa picha, na 89 hazikupewa. Watoto walipotahiniwa, hapakuwa na tofauti ya maana. Basi zile shule za kwanza zilishinda kwa sababu nyingine, wala si kwa picha.

Tena, mwaka 1998, shule 75 za Busia ziligawanywa mafungu matatu ya shule 25, zikaanza kupewa dawa ya minyoo kwa zamu. Hapo ilionekana ya kuwa kukosa shule kulipungua kwa kadiri ya robo, ingawa alama za mitihani hazikupanda. Mwaka 2009 Serikali ya Kenya ikaanza mpango wa dawa hizo mashuleni. Mwaka 2015 wataalamu wengine walizipiga hesabu zile upya, wakaona makosa kadhaa, ukazuka ubishi mkubwa. Hiyo si aibu. Waliweza kuzihakiki kwa sababu hazikufichwa.

Wako wasemao ni ukatili kumpa mmoja na kumnyima mwingine. Lakini ni mara ngapi vitu huwatosha wote? Ikiwa ni lazima wengine wangoje, basi zamu ya kura ina haki kuliko zamu ya kujuana.

Katiba ya mwaka 2010 yataka mambo ya fedha za umma yaendeshwe kwa uwazi, na wananchi washirikishwe. Kwa hiyo, ndugu zangu, mkiitwa barazani kuelezwa mpango mpya, msiulize tu, "Tutapewa nini?" Ulizeni na haya matatu: Je, hali yetu ya sasa imeandikwa? Tutalinganishwa na nani? Na matokeo, hata yakiwa mabaya, yatasomwa lini mbele yetu?

Nanyi makarani wenzangu, chukueni rula mwongeze safu moja katika daftari, safu ya mavuno. Mimi yangu nimekwisha kuichora. Mzee yule akirudi, nisifunge faili tena.

Wasalaam.